Usitoboe

Aliileta kwenye bahasha ya kaki, kama cheti cha shule,
akaitandaza juu ya cherehani yangu hapa Majengo, Moshi,
akasema: Mama Nakijwa, hii usiikunje kwa hasira,
na sindano isiiguse. Popote. Usitoboe.

Nikacheka. Miaka kumi na tisa natoboa nipate kula.
Mahema yanashuka mlimani yamechanika,
zipu zimeng'oka meno,
nami natoboa, navuta, nafunga, nalipwa.
Leo kijana wa Machame ataka nishone bila tundu!

Lakini niliishika.
Nyepesi, ngozi ya kitunguu iliyogandia kidoleni,
zambarau iliyochujuka.
Nikaipinda ikapindika, nikaiachia ikanyooka,
si kama kile kioo cha bluu juu ya bati la jirani
kilichopasuliwa na embe la mtoto mtukutu.
Ndani mna nini? Kaboni, akasema Aikaeli,
ndugu ya ile ya mkaa, ya ndizi, ya kwako wewe.
Tunaiyeyusha iwe wino, tunaichapa kama kitenge.
Kitenge nakijua. Hapo tukaelewana.

Hii inakunywa jua mchana.
Ya pili, nyeupe, inalitema usiku,
wala si balbu, wala si nukta ya kuchoma jicho:
karatasi nzima inawaka, polepole,
kama maziwa yanavyoenea mezani.
Kati yao betri bapa, kipande cha sabuni ya kufulia.

Alitaka niiweke kwenye hema la wageni.
Ndio wenye kulipa, akasema, na hakukosea.
Ila mimi nimeolewa na mpagazi.
Hema lao nalijua: watu kumi na wawili, tochi moja,
betri inakufa kwa baridi kabla ugali haujaiva,
mtu anatafuta kiatu kwa kupapasa nyuso za wenzake.
Nikamwambia: hema la wapagazi, au tafuta fundi mwingine.
Akatazama bahasha. Akatazama mlima,
ambao siku hiyo haukuwepo, mawingu matupu.
Haya, akasema.

Nikaishonea mfuko, plastiki angavu juu, turubai chini,
nikapita pembeni, mbali nayo upana wa kidole,
kama unavyomzunguka mtoto aliyelala.

Kona ya kushoto sindano iliteleza.
Mara moja.
Sikusema.

Shirima aliposhuka, midomo imepasuka, nilimuuliza hilo kwanza.
Iliwaka, akasema. Si sana.
Ilitosha kujua chumvi ni ipi na sukari ni ipi,
ilitosha Ndelamio kuhesabu malengelenge yake.
Safari ya tatu akarudi na neno jingine:
kona ya kushoto ina madoa meusi,
yanakua, kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

Nikamwendea Aikaeli, nikaungama tundu langu.
Sikutegemea afurahi. Akafungua daftari.
Unyevu, akaandika. Hewa na maji vinaila ngozi hii.
Hata bila sindano yako, haitaishi miaka mingi,
na jua inalinywa kwa kijiko, kioo kinanywa kwa kikombe.
Alisema hivyo bila kupepesa macho,
na hapo ndipo nilipomwamini.

Nikainama, nikatoa kopo chini ya meza:
gundi ninayopaka kwenye mishono mvua isijipenyeze.
Hii mmeijaribu?
Hawajaijaribu. Chuo kizima, hawajaijaribu.

Sasa ni Jumamosi, amekalia ndoo iliyofudikizwa,
anapaka kingo za ngozi mpya kwa mswaki mkuukuu.
Umeme umekatika tangu saa nne;
cherehani yangu ya miguu haina habari.
Ukutani tumetundika ile ya zamani, yenye madoa.
Bado inawaka, sehemu iliyobaki.
Nakijwa anafanya hesabu chini yake,
na kivuli cha doa kikiangukia namba
anasogeza daftari.