Karatasi na Tumbaku

Funguo ziko kwangu tangu Aurelio wa posta alipofariki.
Halmashauri hunilipa yuro kumi na mbili kwa kila kundi,
na jozi ya buti kila baada ya miaka miwili.
Karibuni Valdecierzo. Angalieni mnapokanyaga.

Hapa mlozi, pale mlozi, katikati handaki.
Lilichimbwa kwa sururu na wavuna zeituni
mwaka wa thelathini na saba,
mwezi ambao udongo wa Aragoni huwa jiwe.
Ng'ambo ile, hatua mia mbili na arobaini,
nimezihesabu mwenyewe,
liko la pili, pacha wake,
limejipinda vile vile,
limejaa makopo yale yale ya samaki.
Kutu haina chama.

Wageni huniuliza: wema walikuwa upande gani?
Nina jibu langu, na kura yangu naijua.
Lakini kwanza nawaambia habari za sigara.

Upande huu walikuwa na karatasi,
tele, nyembamba kama ganda la kitunguu,
na tumbaku hata chembe.
Upande ule tumbaku ya kumwaga,
wakaivutia kwenye magazeti,
wakikohoa habari za ushindi.
Basi Jumapili, upepo wa mlimani ukitulia,
mtu hupaza sauti: "Enyi wa kule! Leteni, tulete!"
Wakakutana pale, penye lile jiwe la chokaa,
mikono mitupu, mifuko imetuna.

Babu yangu, Nicanor Gargallo, miaka kumi na tisa,
alikutana hapo na Fulgencio, kinyozi wa Soria.
Fulgencio akamtazama nywele, akasikitika.
Akamkalisha juu ya jiwe, akatoa mkasi.
Hebu fikirini:
shingo iliyoinama, chuma baridi nyuma ya sikio,
na bunduki mia mbili zimetulia zikitazama
mtu akinyolewa.

Jumatatu walirudi kazini.

Mwezi wa Machi babu alitekwa.
Walimvua koti, wakampa jingine
lenye kiraka kifuani, upande wa moyo;
mtu mwingine alikwisha kufa ndani yake.
Wakamweka katika handaki lile, ng'ambo,
auelekeze mtutu huku,
kwenye pembe aliyokuwa akilala,
kwenye msumari alikotundika kibuyu chake cha maji.
Aliuliza habari za kinyozi.
Hakuna aliyemjua, au hakuna aliyetaka kumjua.

Vita vilipokwisha hakupata pensheni.
Kwa walioshinda alikuwa mateka,
kwa walioshindwa alikuwa koti.
Aliishi miaka tisini na mmoja.
Nywele alinyolewa na bibi, jikoni, mlango umefungwa.
Na alipotusimulia hakusema "sisi", hakusema "wao".
Alisema "watu".
Watu walipiga risasi. Watu waliogopa. Watu walikuwa na njaa.
Mimi, mtoto, nikidhani ni kisa cha nchi nyingine.

Kiangazi kilichopita walikuja wasichana wa chuo kikuu
na brashi ndogo kama za kupaka rangi kucha.
Walichimba siku tisa kando ya jiwe la chokaa.
Wakapata soli ya kiatu, kifungo, meno,
mbavu zilizolala kama ngazi iliyoangushwa,
na mkasi,
umekamatwa na kutu, hauwezi tena kufunguka.
Yule kiongozi wao, Itziar, aliniuliza:
"Mama, unajua ni wa nani?"

Soria ina vinyozi wengi. Mkasi ni mkasi.
Nilishika kalamu, nikaandika kwenye daftari la makumbusho,
kwa mwandiko wangu mbaya:
*Mkasi. Mmoja.*
Kisha nikaenda nyuma ya gari lao, nikakaa huko kwa muda.

Umo kabatini, rafu ya pili, mtauona.
Kando yake nimeweka pakiti ya karatasi za sigara;
hiyo si ya zamani, niliinunua dukani kwa Pilarín,
na Halmashauri haijui.

Haya, tushuke.
Wa mwisho afunge lango, tafadhali.
Kondoo huingia handakini kutafuta kivuli,
na kuwatoa mle ni kazi.