Vidole Vinne

Fundi Kondo hapimi kwa futi.
Huchomeka mkono kati ya tairi na madigadi,
huhesabu: kimoja, viwili, nusu ya cha tatu,
kisha husonya.
"Mama Viti, gari lako limechuchumaa."

Limechuchumaa, ndiyo. Miaka kumi na sita
linabeba viti mia na ishirini vya plastiki,
maturubai mawili na masufuria yasiyo yangu,
Jumamosi arusi, Jumapili msiba,
na viti ni vilevile, havijui tofauti.
Mimi tu ndiye hubadilisha kitambaa cha kuvifutia.

Mvua za Machi zilinikuta Kivule.
Viti vya arobaini ya mtu vimo ndani,
tumbo la gari limelala juu ya tuta la matope,
magurudumu yanazunguka, hayagusi kitu.
Wafiwa walikaa chini, kwenye mikeka ya jirani.
Hakuna aliyenilaumu.
Hilo ndilo lililoniuma.

Basi nikaenda Gerezani kununua urefu:
rimu nne za kumi na tano, na tairi zake.
Muuzaji aliapa hazijawahi kuona ajali,
aliapa huku akigeuzia ukutani
upande wenye kovu.

Zilikataa kuingia. Usukani ukikata kushoto,
mpira unalamba bati; ukikata kulia, unaling'ata.
Kondo akavua shati.

Mbele hakuna springi, kuna chuma kirefu
kinachojisokota. Alikaza nati yake robo mzunguko,
akasubiri, akakaza robo tena,
na gari likanyanyua pua taratibu
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Nyuma alikata vipande viwili vya chuma kizito,
akavikalisha baina ya ekseli na springi,
akaagiza yuboti ndefu.
Ulimboka alizifuata kwa miguu, jua la saa saba,
akaleta tatu. Akarudi kuifuata ya nne.
Hakuna aliyemwambia pole, nami sikumwambia.

Mdomo wa madigadi ulikunjwa kwa nyundo,
mapigo mengi, mengine ya hasira.
Jirani anayechoma chipsi aliuliza kama tunajenga meli.

Magharibi Kondo alishanawa mikono kwa omo na mchanga
Ulimboka aliposema, bila kuulizwa, kwa mara ya kwanza:
"Mpira wa breki."
Ulikuwa umevutika
kama kamba ya nguo siku ya kuanika mablanketi.
"Akikata kona na mzigo, unakatika."

Nilimtazama Kondo. Mwanafunzi ana miaka kumi na tisa,
yeye ana gereji tangu kijana huyu hajazaliwa.
Kimya kilikaa kati yao, kipana kuliko vidole vyote.
Kisha akachukua spana, akiwa na mikono safi,
akalala tena chini ya gari.
"Shika taa," alisema. "Wewe uliyeona, nionyeshe."

Mpira mrefu ulipatikana kesho yake.
Akachomeka mkono: "Vinne!"
Nikamwambia, bila mzigo hata mimi ni mrefu.
Tukapakia viti vyote, mia na ishirini.
Akachomeka tena.
Vitatu, na pete yake.
"Hivyo vitatu," alisema, "ni vyako vya halali."

Sasa kupanda nimeshindwa, goti halifiki.
Nakanyaga kiti changu mwenyewe,
kile chenye ufa, nisichokodisha.
Na mshale wa mwendo umekuwa mwongo mpole:
unasema arobaini, barabara inasema arobaini na tano.
Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu.

Jana nilipita pale pale Kivule,
maji yakapita chini, yakaenda zake.
Gari, kwa hesabu yake, lilikuwa bado halijafika.
Mimi nilishaanza kushusha viti.