Samaki kwa Samaki

Nimeitwa niamue: isimame au ishuke.
Nyumba ya nyuma ya soko, Jinja, yenye mbavu nje
kama ng'ombe wa kiangazi,
boriti nyeusi juu ya chokaa nyeupe,
na ghorofa iliyojitokeza kupita miguu yake
kama jirani anayeinama asikie ugomvi.

Aliyeichora alikuwa Mwingereza wa kiwanda cha pamba.
Aliichora kwa kukumbuka, wanasema,
mtaa wa baba yake, mwembamba, ambako nyumba
huinamiana hadi paa likagusa paa.
Hapa mtaa ni mpana. Ikainama peke yake.
Paa akalisimamisha wima ili theluji iteleze;
miaka tisini linaisubiri.
Bomba la moshi halijawahi kutoa moshi:
korongo wawili wamelipanga,
na kodi yao inatiririka nyeupe ukutani.

Nilianza na mbele. Nikapenyeza patasi nyuma ya boriti,
ikabanduka kama gamba la kidonda.
Ubao! Unene wa kidole, misumari minne, lami.
Mbavu za kupaka, kama wanja.
Nikacheka peke yangu juu ya ngazi,
na chini barazani Naikoba akasimamisha cherehani:
"Fundi, unacheka nini, na mimi niko chini yako?"

Nikaingia ndani, nikakwangua plasta.
Hapo ndipo mvule uliponitazama.
Nguzo na mwamba, rangi ya chai iliyolala,
ulimi ndani ya tundu, kigingi kimepita katikati,
msumari hakuna.
Mchwa walifika, njia yao ya udongo ipo,
imepanda hadi kizingitini,
ikageuka.

Kila kiungo kina alama ya patasi:
mstari mmoja, miwili, mitatu,
ileile kwenye ulimi, ileile kwenye tundu,
ili vipande vilivyokatwa chini uwanjani
vijuane vikipanda juu.
Hiyo ni kazi ya Harnam Singh, fundi wa reli.
Jina lake liko darini kwa penseli,
na pembeni yake deni la mtu, shilingi sita,
halikufutwa.

Lakini pembe ya mashariki namba zinakoma.
Hapo kuna samaki. Kuna jembe. Kuna kikapu.
Kuna kitu, ama mtumbwi ama ndizi.
Samaki kwenye ulimi, samaki kwenye tundu.
Nikakaa chini kwenye vumbi.

Babu yangu Tenywa alipasua mbao za Wahindi
na hakujua namba ya kuandika.
Alihesabu ng'ombe kwa majina,
na wakipungua alijua ni nani asiyekuwapo.
Sisemi ni yeye. Wapasua mbao wa Busoga walikuwa wengi,
na mkono wa mtu haubaki kwenye mti kama harufu.
Nasema tu kwamba niliirukia sakafu ya pembe ile
kwa miguu yote miwili, mtu mzima, mwenye wajukuu,
na haikulia.

Mwenye nyumba anataka kioo, vigae,
lifti kama ikiwezekana, na jibu Ijumaa.
Timazi linasema: imeegemea inchi mbili upande wa mto.
Nimeandika inchi mbili. Nimeandika mvule.
Nimeandika mbao za mbele zitolewe, ni uongo.
Kisha nikaifuta "uongo", nikaandika "pambo".
Kuhusu samaki sijui niandike nini,
karatasi yao haina mahali pa samaki.

"Nihame lini?" Naikoba akaniuliza.
Nilikuwa bado natafuta la kumwambia
wingu lilipopasuka upande wa daraja.
Maji yakateremka paa la theluji,
yakaruka ukingo wa ghorofa,
yakatua barabarani, hatua nzima
mbele ya cherehani yake.
Hakuinua macho. Alikuwa katikati ya pindo.