Mstari Mtupu

Madaftari ya shangazi, Mwanaesha Shekuwe,
yalikuwa kumi na tisa, ya kurasa themanini themanini,
yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Mkunga wa Mkomani, miaka thelathini na minne.
Niliyachapa yote kwa vidole viwili, chumba cha juu,
feni ikifa na kufufuka na umeme,
yakawa faili mia mbili na tatu
za maandishi makavu, hayana rangi wala pambo.

Ofisi ya kumbukumbu ilitaka tarehe za namna moja,
mkato baada ya kila jina,
na Kiswahili cha kawaida.
Kana kwamba chake kilikuwa na homa.

Usiku wa kwanza skripti yangu ilikuwa mistari sita.
Nafasi mbili, ifanye moja.
Mkia wa nafasi mwishoni mwa mstari, ukate.
Nikabonyeza. Sijameza hata funda la kahawa,
faili zote zimekwisha kunyolewa,
zimekaa safu kama wanachuo siku ya mtihani.
Nikajiona fundi.

(Tarehe zilinishinda. *Mfungo saba, siku ya tano,
usiku jenereta lilipoungua.* Mashine iliweka sifuri.)

Usiku wa pili nikapata kiburi.
Kila *mato*, weka *macho*. Kila *teka*, weka *cheka*.
*Yana* iwe *jana*, *mayi* yawe *maji*, *nti* iwe *nchi*.
Ikatii. Haiulizi;
ndiyo raha yake, na ndiyo balaa lake.

Asubuhi nikasoma:
*nyumba ya machofali, nyuma ya msikiti.*
*Homa kali, mama hasemi la manchiki.*
*Kisima cha uani, maji jana chumvi.*
Na pale alipokuwa peke yake, saa tisa ya usiku,
mzazi amezimia, hapana wa kutumwa:
*nimecheka maji mwenyewe, ndoo nane.*

Shangazi niliyemjua mimi hakucheka kazini.

Nikaongeza mipaka ya maneno, nikaongeza masharti,
skripti ikarefuka kama maelezo ya mdaiwa.
Kisha, usiku wa tatu, amri moja tu, ya usafi:
mstari mtupu, futa.
Nikalala vizuri.

Barke, bintiye, alikuja kuutafuta mwaka aliozaliwa.
Alisoma kwa kidole, akishuka na kioo,
akasimama.
«Hapa palikuwa na nafasi.»
Wapi?
«Baina ya Athman Famau na pacha wa Bi Rukia.
Mama aliruka mstari. Mtoto asiyelia hakumwandika.
Wala hakumpa mwenzake mahali pake.»

Chini, mtu alikuwa akigombana na punda wake.
Sikumbuki nilijibu nini.

Nilifungua nakala ya kabla ya usiku wa kwanza,
nikamshukuru yule mwoga niliyekuwa,
aliyenakili kabla ya kugusa.
Nikaandika skripti isiyobadilisha kitu, ihesabu tu.
Mistari mitupu: mia moja na kumi na miwili.
Mingine ni karatasi iliyoloa wino ukapotea,
mingine ni kidole changu kilichoteleza.
Ni ipi, sijui. Mashine nayo haijui.
Nimeirudisha yote.

Mato ni mato tena, na nti ni nti.
Ofisi ikitaka kuelewa, nitawaandikia kamusi,
ukurasa mmoja unatosha.
Na juu kabisa, baada ya alama ya reli,
pale mashine inaporuka bila kusoma,
nimemwachia atakayekuja:
*usifute mstari mtupu, una mwenyewe.*

Barke mwaka wake hajaupata.
Tumepekua yote kumi na tisa.
Mkunga aliandika wana wa watu.