Nakala Mbovu

Mashine yangu ya fotokopi hapa Tandika
hukohoa kabla ya kazi
kama mtu mwenye neno asiye na hakika nalo.
Siku Pazi alipoleta pasipoti yake mpya,
jalada bado linanukia gundi,
ilikohoa, ikamtoa hana sikio la kushoto.
"Rudia, mama. Huko niendako wanataka masikio yote."
Tukacheka. Nikarudia. Akalipa mia, ya ile nzuri.
Mbovu nikaitupia kwenye boksi
la karatasi ambazo migongo yake naandikia madeni.

Alikuwa anakwenda Istanbul, majaribio ya mpira.
Wakala wake alivaa viatu vyenye ncha
na aliitaja klabu kama anayemtaja mjomba wake.
Cherehani ya mama mtu ikauzwa, na kiwanja cha Chanika.
Barua ya mwaliko niliichapa mimi.
Niliona jina la klabu limeandikwa namna mbili
katika ukurasa mmoja.
Sikusema.
Mteja ni mteja, na umbea haulipi kodi ya fremu.

Wiki ya sita, sijafungua hata kufuli,
nikamkuta Mama Pazi kwenye kizingiti, simu mkononi,
sauti ya mwanawe imerekodiwa ndani, anatetemeka meno:
wakala kachukua pasipoti, "ya usajili," kisha kazima simu;
vijana kumi na mmoja chumba kimoja, mwenye nyumba kawatoa;
barafu, mama, ile ya kwenye friji, inadondoka toka juu.

Mtaa ukasema yake.
Si alijitakia? Si alituaga kwa mbwembwe?
Mama hakujibu mtu. Alijifunga khanga juu ya khanga,
tukaenda Kurasini, mguu kwa mguu,
mpaka dirisha la tatu, kwa Bi Ndimbo.

"Namba ya pasipoti?"
Mama alijua uzito aliozaliwa nao,
kovu la goti, mwaka na mti alioangukia,
namba ya kiatu.
Namba ya pasipoti hakuijua.
Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

Nilirudi dukani nikalipindua boksi sakafuni.
Kitambulisho cha fulani, cheti cha ndoa, ratiba ya mazishi,
na chini kabisa Pazi,
hana sikio, lakini namba zote zipo, herufi kwa tarakimu.

Bi Ndimbo aliisoma mbele, akaigeuza.
*Mzee Mkumba, rimu moja. Chausiku, picha nne.
Unga kilo mbili, nilipe Ijumaa.*
"Huyu Mkumba alishalipa?"
"Bado."
Akatikisa kichwa, akapiga simu ubalozini,
na karatasi yangu ikaenda Ankara, madeni na yote.

Nauli ilichangwa. Kikoba kilitoa,
timu ya mchangani ikauza seti ya jezi,
na wale wa si-alijitakia wakatoa pia,
usiku, kwa simu, bila kuandika jina.

Alikuja dukani mwezi wa pili, jua la kuchemsha lami,
kavaa koti zito mpaka shingoni.
Nikadhani anaringa.
Kumbe ndani ya koti hapakuwa na shati.
Akaweka sarafu ya mia juu ya kioo:
"Ya ile mbovu."
Niliipokea. Ningekataa, ningemwachia deni la maisha.
Habari ya jina lililoandikwa namna mbili
sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Siku hizi kijana akileta barua ya mwaliko
naisoma kwanza, kwa sauti, neno kwa neno,
foleni ilalamike itakavyo.
Akileta pasipoti, mashine inakohoa, inatoa mbili.
"Mbona mbili, mama?"
"Imekosea tena, baba. Ni kongwe."
Moja anaondoka nayo.
Nyingine naiweka kwenye kopo la biskuti, chini ya kaunta,
na mgongoni mwake siandiki kitu.