Zoezi la Diwani

Shekuwe alipokwenda Eldoret kusomea uhandisi
aliniachia beseni la buluu, kobe wa maji ndani yake,
na karatasi: maji yabadilishwe, asipewe mkate,
aote jua, atembezwe.
Neno la mwisho kalipigia mistari miwili.

Nikacheka. Atembezwe!
Mimi mwenyewe hunitembeza nani?

Tukaketi, yeye besenini, mimi kitini,
miezi minne.
Alikula, akanitazama, akala.
Ndipo nikamwita Diwani.
Mapaja yakamfura, yakajaa gambani,
akirudisha kichwa ndani, miguu hutoka nje.

Ninayo mizani ya barua,
niliinunua posta ilipouza vyombo vyake vya kale;
miaka thelathini na mmoja niliipimia vifurushi vya watu.
Ijumaa moja nikampandisha Diwani.
Sindano ikaruka hadi gharama ya kwenda Muskati.

Nilimwambia Shekuwe kwa simu. Akanyamaza.
“Baba,” akasema, “beseni si nyumba.
Beseni ni sahani.”

Nikalisugua birika la msalani, lile la chokaa,
ambamo bibi yangu alifuga vijisamaki
vya kula viluwiluwi vya mbu.
Nikatia maji, kina cha mkono wangu mzima,
jiwe pana la kupanda,
gogo la kupita chini yake.
Siku ya kwanza alizama akasimama
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Siku ya pili nikafunga kipande cha kamba-maji
kwenye uzi wa kushonea kofia,
nikauvuta taratibu, ukuta hata ukuta.
Akageuka.
Mguu huu, na ule, na huu tena,
mithili ya mtu anayekumbuka lugha ya utotoni.
Sikumpa mpaka mzunguko wa tatu.
Siku hizi namtilia konokono wazima, awasake;
huwapata nyuma ya gogo, huwavunja, nasikia.

Alasiri namwachia ukumbi wote.
Naenda mbele yake, kinyumenyume: “Ndoo, Diwani, ndoo!”
Kazungu, fundi wa mabomba, mgeni wa Kiamu chetu,
akatoka mbio, akaniletea ndoo.
Basi tukamtia humo, tukampeleka darini kwenye jua.

Ngazi ishirini na tatu.
Sikuwa nimezipanda tangu Mwanajaa atutoke,
yeye ndiye aliyeanika nguo huko.
Kamba yake bado ipo, na vibanio viwili.
Magoti yalinipigia kelele hadi juu.
Diwani alinyoosha shingo, akanyoosha vidole vya nyuma,
akafumba macho.
Kesho yake tukapanda tena.

Leo Ijumaa nimempima.
Sindano imerudi, kama bei ya stempu mbili.
Nimemrudisha birikani, nikaiweka mizani sakafuni,
nikaikanyaga kwa mguu mmoja,
nikauondoa upesi: hii ni ya barua.

Msalani kuna kishindo cha maji.
Amejirusha toka jiweni,
na uzi ninao mimi huku, mfukoni.