Kati ya Ta na Tu

Julai, Barabara ya Lusaka. Baridi imekaa juu ya mabati
kama mpangaji asiyedaiwa kodi.
Bwana Lekishon analaza bunduki yake mezani pangu:
gobore, ila la kisasa,
kitako cha plastiki, darubini, mtutu usioshika kutu,
na bado baruti hushindiliwa mdomoni
vilevile kama zamani.

"Inachelewa," anasema.
"Navuta. Ta. Halafu kimya, mpaka nadhani imenigomea.
Ndipo tu!
Na mimi nimeshatikisika."

Simcheki. Namuuliza kama nesi wa zahanati:
uliisafisha lini? Ulipaka mafuta? Mengi?
Baruti unaiweka wapi?
"Jikoni, juu ya friji."
Jikoni Rongai, mwezi wa saba,
sufuria ya chai ikifuka asubuhi na jioni.
Naandika kwenye daftari: unyevu. Napigia mstari.

Kizibo cha nyuma kinakataa spana, kisha kinakubali.
Kina tundu moja katikati, jembamba kama sindano ya cherehani.
Cheche ya fataki hupita hapo, au haipiti.
Nalielekeza dirishani nichungulie.
Nairobi haipo.
Kuna masizi, na mafuta yaliyogandia masizi.
Waya, pamba, spiriti. Waya tena.
Saa nne kasoro natazama, naona ndani ya tundu
kipande cha paa la ghala la unga
na njiwa, nusu yake.

Kazi hii nilifundishwa na Baba, Kisilu wa Jericho,
aliyenusa baruti kama mtu anavyonusa maziwa
kujua kama yamelala.
Kanuni yake ilikuwa moja, tukaichoka:
ikisema ta isiposema tu, usigeuke.
Usiishushe. Usichungulie mtutu, mwanangu, una uso mmoja.
Elekeza mbele, hesabu sitini.
Moto haujafa. Uko njiani.

Tangu Machi kiharusi kimemkalia upande wa kulia.
Unamuuliza, "Baba, uji au chai?"
Mdomo unashtuka,
kisha hakuna kitu.
Mutinda, ndugu yangu, huwa ameshamimina chai,
yuko mlangoni na simu yake.
Jibu linafika, linakuta kiti.
"Uji."

Jumamosi, uwanja wa shabaha, nyasi zimelowa.
Nafyatua fataki mbili bila baruti, kukausha njia.
Jani lililo mbele ya mtutu linaruka. Vizuri, panapumua.
Baruti kutoka mkebe wangu, kavu, inayochuruzika kama mtama.
Risasi naisukuma kwa mdeki hadi ikae,
isibaki na hewa chini yake,
nakwaruza alama kwenye mdeki: hapa, Bwana Lekishon,
kila siku hapa, usiamini mkono wako.

Anainama. Anavuta.
Ta na tu zimeshikana hivi kwamba ungedhani
mtu kaita namba: tatu.
Anacheka peke yake ndani ya moshi.
Ananilipa kwa simu, anaongeza mia mbili ya chai,
anaapa kwamba friji na baruti wameachana.

Jioni, Jericho. Mutinda hayupo.
Navuta stuli mbele ya Baba, magoti kwa magoti.
"Leo nimepata gobore lililokuwa linachelewa.
Ungeangalia nini kwanza?"

Mdomo unashtuka.
Sigeuki.
Kumi na nane. Jirani anaburuta jerikeni.
Thelathini. Jicho lake la kushoto liko kazini, naliona,
linatafuta kwenye rafu fulani ya mbali.
Arubaini na moja, uji unaanza kuungua, na uungue.
Hamsini na tatu.

"Mafuta," anasema Baba.
"Huwa wanazidisha mafuta."